Mzuka Hatakangi Msimu wa Pili

Kuna ile ngumi haiishangi kwa magrupu za WhatsApp za wasee wa anime hapa Nairobi: nani anaeza mada nani. Gojo na Sukuna, Naruto na Ichigo, wanabishana mpaka saa nane ya usiku na kesho watu wako na wera. Mi sina noma na hio ngumi. Lakini huyo Sukuna mnampimia pawa ni mzuka, buda. Alifaa akufanye uogope kutoka kejani kwenda choo ya ploti usiku. Sai mnambonga ni kama straika wa Gor Mahia, ati fomu yake ilishuka kidogo msimu uliopita.

Ndio venye inakuwanga. Mzuka akikaa kwa stori miaka saba anazoeleka. Unajua jina yake, unajua pawa zake ni ngapi, unajua zinaisha saa ngapi, na ikifika volyumu ya 15 unapata amekuwa beste ya staa. Uoga iliisha kitambo, mmebaki na hesabu.

Kwa hivyo wacha nikuchanue na upande mwingine wa manga, ule wasee wengi hurukanga wakikimbilia series. Ni zile stori fupi zinaanza na kuisha hapo hapo. Wajapani huziita yomikiri. Kurasa 30, 50, ukibahatika 60, halafu basi. Chapta ya pili hakuna. Ukianza kusoma ukipanda mathree Rongai, kabla mfike Galleria ishaisha, na hapo ndio ngori yako inaanza, juu jam ya Lang'ata bado iko, na we umebaki tu na hio kitu kwa kichwa.

Kwa magazeti za manga huko Japani, yomikiri iko na kazi yake. Msee mgeni hapewangi series hivi hivi. Anapewa nafasi ya stori moja, inachapishwa kwa gazeti kubwa ama kwa toleo la kando, wasomaji wanatuma maoni, na akishika namba poa ndio mhariri anaanza kushika simu zake. Ndio maana ukichimba chini ya series nyingi unazopenda, utapata kuna kastori kamoja kalitangulia, na mara nyingi hako kastori ni keusi kuliko kile kilikuja baadaye.

Chukua Naruto. Kabla ya ile series ya 1999, Kishimoto Masashi alitoa yomikiri ya Naruto kwa gazeti la Akamaru Jump, mwaka wa 1997. Ile dunia yote ya vijiji vya maninja ilikuwa bado haijafika. Na Naruto mwenyewe hakuwa mtoi amefungiwa mbweha kwa tumbo. Alikuwa damu ya huyo mbweha wa mikia tisa. Yaani staa ndio mzuka. Cheki uzito wa hio. Kwa stori za kale za Japani mbweha, wanamwita kitsune, kazi yake ni kugeuka. Leo ni mnyama msituni, kesho ni dem mresh ameolewa kwa boma ya watu, amezaa, anapika, bwana anamsifu kwa majirani, mpaka siku mbwa inamkaribia na siri inatoka. Hujui nani ni nani, na hio kutojua ndio stori yenyewe. Series ikakuja, ikaenda chapta 700 mpaka 2014, na mbweha akapewa jina, akapewa historia, akapewa hasira za kueleweka, mwisho akawa anapeana gota na Naruto. Hio gota ilinitoa machozi, sikatai. Lakini kuogopa? Hata kidogo.

Jujutsu Kaisen, ile ya huyo Sukuna wenu, ni hivyo hivyo. Kabla ya series ya 2018, Akutami Gege alikuwa ametoa stori ya chapta nne kwa Jump GIGA, 2017, ile baadaye ilipewa namba 0 na ikafanywa muvi mwaka wa 2021. Kuna chali, Yuta, anafuatwa kila mahali na mzuka wa Rika, dem walipendana wakiwa watoi kabla agongwe na gari. Chapta zote unaamini ni Rika amekataa kumwachilia. Sitasema venye inageuka, ila inageuka, na unapata kuna mapenzi imeoza hapo katikati mpaka unaona aibu kuendelea kusoma. Mi kwangu hizo chapta nne ndio kitu Akutami ameandika inashtua kuliko zote, na nimesoma ile sehemu ya Shibuya kwa series yote mpaka mwisho.

Sasa tuingie kwa mdosi mwenyewe.

Ito Junji alizaliwa 1963 mkoa wa Gifu, na kabla ya manga imlishe, wera yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia. Alikuwa fundi, mwenye anakaa maabara kuchonga jino la mtu hajawahi muona. Mwaka wa 1987 akatuma stori kwa gazeti la Monthly Halloween, kwa shindano lilikuwa na jina ya Umezu Kazuo, yule mzae wa manga za uoga mwenye alikuwa anapenda mashati za mistari nyekundu na nyeupe (alituacha 2024, akiwa na miaka 88). Ito hakushinda. Alipewa tu ile tuzo ya kusema tumekuona. Stori yenyewe ilikuwa Tomie: dem amededi, amekatwa vipande, darasa lote linajua nani alifanya nini, na anarudi klasi ni kama hakuna kitu imefanyika.

Tomie ndio jina kubwa, lakini kama nakupea moja tu nakupea ile ya mpasuko wa Amigara. Tetemeko limepasua mlima. Kwa ule ukuta wa mwamba kumetokea mashimo, mengi ajabu, na kila shimo liko na umbo la binadamu: kichwa, mabega, mikono imefunguka, miguu. Habari inaenda kwa TV. Watu wanaanza kufika kutoka kila mahali, na kila msee akifika anasimama, anaangalia ukuta, na anajua. Lile pale ni langu. Kimo ni yangu, mabega ni yangu. Hakuna mtu anamsukuma. Hakuna mzuka unamuona na macho, hakuna meno, hakuna damu, ni shimo tu limechongwa na watu hawajulikani, miaka haijulikani, na ile hamu ya kuvua nguo uingie. Kuna ndoto ndani ya stori inajaribu kuguzia mashimo yalichimbwa kwa nini, na hata hio haithibitishwi na mtu. Kuhusu penye yanaishia, soma mwenyewe.

Mi huamini hio stori ingetoka tu kwa mtu mwenye amekaa miaka akichonga kitu inafaa itoshee mdomo ya mtu mmoja duniani na hakuna mwingine. Ilichapishwa 2002 nyuma ya volyumu ya pili ya Gyo, kama nyongeza tu. Gyo yenyewe inahusu samaki wametokea nchi kavu na miguu ya chuma, usiulize. Wasee wengi wamesahau hao samaki. Ule ukuta hakuna mwenye amesahau.

Halafu kuna ufundi wa ukurasa, na hapa ndio wasee wa simu mnajiibia. Manga inasomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kwa hivyo kona ya chini ya kushoto ndio picha ya mwisho kabla ufungue. Ito akiwa fiti anaweka hapo uso wa mtu ameshtuka, macho imetoka, anaangalia kitu wewe bado hujaona. Unajua. Kidole chako kinajua. Unafungua, na hio kitu imejaza ukurasa mzima. Sasa wewe unasoma ukiteremsha na kidole, kitu inaanza kuchungulia kutoka chini, nywele kwanza, paji la uso, jicho moja, ishajitangaza kabla ifike. Weka simu kwa ukurasa mmoja mmoja, tafadhali. Na kama unataka kuona hio ufundi yote ikitumika kwa upuzi, Ito ako na kitabu juu ya paka wake wawili, Yon na Mu, amewachora na vile vivuli vya Tomie, na ni mambo ya paka tu kukataa kubebwa.

Stori ya uoga ikinyoshwa inakatika, hata ya Ito. 2024 walitoa Uzumaki yake (yaani mzunguko) ya TV, episodi nne. Ya kwanza moto. Ya pili mchoro ukaanguka ile mbaya mpaka watu mtandaoni wakauliza kama bajeti pia imemezwa na ule mzunguko.

Hii ufupi haikuletwa na magazeti. Enzi ya Edo kulikuwa na mchezo: watu wanakutana usiku, wanawasha taa mia moja zimefunikwa na karatasi ya bluu, kila mtu anatoa stori ya mzuka, akimaliza anaenda kuzima moja. Chumba kinazidi kuwa giza. Ikizimwa ya mia, kitu inakuja. Wengi walikuwa wanaachia stori ya 99 wanaenda kulala, na siwalaumu. Toriyama Sekien, mchoraji wa hio enzi mwenye kitabu chake cha 1776 kilipanga mizuka na majini ya Japani mmoja mmoja kila mtu na ukurasa wake, alichora mpaka huyo anayekujanga taa ikiisha. Sekien ndio mzazi wa hii biashara yote, ukiniuliza. Mzuka mmoja, ukurasa mmoja, maneno machache hapo kando, geuza. Wachoraji mpaka leo wanaiba kwake na hawafichi.

Na hizi stori ni za msimu wa joto. Karibu Agosti kunakuwanga Obon, wakati marehemu wa familia wanarudi nyumbani kusalimia, na watu pia husema ukishikwa na baridi ya uoga jasho inapungua. Kwa hivyo magazeti, TV, kila mtu anatoa ya kushtua wakati huo. Hata yule Lafcadio Hearn, mtu alizaliwa Ugiriki na akafa raia wa Japani, kitabu chake Kwaidan cha 1904 ni stori za kurasa chache chache, nyingi alisimuliwa nyumbani na bibi yake Setsu. Yule mwanamke wa theluji, Yuki-onna, alisafiri kutoka hapo mpaka kwa muvi ya Kobayashi ya 1964, na bado ukimsoma kwa Hearn ni stori ya kunywa chai moja.

Mambo ya shule sasa hio ndio tamu. Watoi wa Japani wako na Hanako, dem wa choo ya tatu kwa ghorofa ya tatu. Unabisha mlango, unaita jina, anaitika. Wako na Kuchisake-onna, mwanamke amevaa maski anakusimamisha ukitoka shule jioni, anakuuliza kama ni mresh, halafu anatoa maski na mdomo umepasuliwa mpaka maskio. Mwaka wa 1979 huyo alitembea Japani yote kwa midomo ya watoi, mpaka kuna mahali walikuwa wanarudi nyumbani kwa makundi. Kama ulisoma boding hapa Kenya hauhitaji mtu akueleze hio mtandao venye inafanya kazi. Sisi tulikuwa na yule dem wa kwato wa Mombasa, na kila mtu alikuwa na binamu mwenye rafiki yake alimpea lifti. Urefu wa stori ni ule ule: inaisha ukiangalia miguu.

Nikifika kwa Mizuki Shigeru nitakaa kidogo, mnivumilie, juu huyu mzae ni kipenzi changu.

Mizuki alizaliwa 1922 na akakulia Sakaiminato, kamji ka bandari upande wa Bahari ya Japani. Hapo mtaani kulikuwa na shosh mmoja wa maisha magumu, watoi walimwita NonNonBa, mwenye alijua kila kiumbe na mahali kinaishi. Mtoi akiuliza mbona dari iko na madoa, NonNonBa hakusema ni maji inavuja. Alisema kuna mzuka wa ulimi mrefu analambanga dari usiku mkilala, na ushahidi si ndio ule. Mizuki akameza yote. Halafu vita ikakuja, jeshi likamtupa Rabaul, huko Papua New Guinea, akashikwa na malaria, na ndege zikarusha bomu akiwa hoi, akapoteza mkono wa kushoto. Wenyeji wa pale, Watolai, walimlisha mpaka akataka kubaki huko jumla. Alisema pia kwamba akiwa anatoroka peke yake kwa giza ya msitu aligongana na ukuta hauonekani, mbele hapana, kando hapana. Miaka baadaye akajiambia: aah, yule alikuwa Nurikabe, mzuka wa ukuta. Mtu amepoteza mkono, amezika mbogi yake yote, na kitu anarudi nayo nyumbani ni Nurikabe. Ukimchora huyo, unamchora na heshima.

Alirudi Japani akasota. Alichora kamishibai, zile picha za kadi msee wa baiskeli alikuwa anaonyesha watoi barabarani akiuza peremende. TV ikaua hio. Akaenda kwa manga za kukodisha, vitabu vya bei ya chini unasoma usiku mmoja unarudisha, na hapo 1960 ndio akaanza kumchora Kitaro kivyake, mtoi wa mwisho wa ukoo wa mizuka, amezaliwa makaburini, na babake amebaki jicho moja lenye kamwili kadogo linaoga kwa bakuli ya chai. Ganji ilichelewa. Shonen Magazine walimchukua 1965, TV ikakuja 1968, na ndio akaomoka.

Najua kuna mtu ameshaanza kunijibu: si Kitaro ni series, na ni ndefu? Ni kweli, lakini ifungue. Chapta nyingi hazijuani. Kiumbe kinatokea kijiji fulani, kinasumbua watu, mara nyingi juu kuna msee amejenga barabara ama amekata mti bila kuuliza, Kitaro anaitwa, mambo inatulia, kila mtu kwao. Na Mizuki hakueleza viumbe vyake kupita venye NonNonBa alimweleza. Jina, tabia, mahali. Anayelamba dari hana sababu ya kulamba dari. Hio kitabu yake juu ya huyo shosh, NonNonBa ya 1977, ilishinda tuzo kubwa ya Angoulême, Ufaransa, mwaka wa 2007, manga ya kwanza kubeba hio ya albamu bora.

Kuna kingine siwezi acha. Mizuki alichora kurasa chache juu ya usingizi. Yuko kwa sherehe na Tezuka Osamu na Ishinomori Shotaro, wafalme wawili wa manga, wanajigamba venye hawalalangi, siku mbili kavu, tatu kavu. Yeye anawaambia analala masaa yake yote na akichelewa kuamka ni sawa. Tezuka alidedi na miaka 60. Ishinomori pia 60. Mizuki aliishia 2015 akiwa na miaka 93. Nyinyi watu wa kujisifu mtandaoni na kukesha, hio iko hapo.

Na hata baada ya kufa hakutulia. Kuna karatasi ya habari ya mwaka wa 1846 kutoka Higo, sai ni Kumamoto: kiumbe kimetoka baharini, nywele ndefu, mdomo wa ndege, magamba, kinasema kinaitwa Amabie, mavuno itakuwa poa miaka sita, ugonjwa pia utakuja, nichore uonyeshe watu. Kikarudi majini. Ndio hio stori yote, picha moja na aya moja. Mizuki alikuwa amemchora zamani. Machi 2020, korona imefunga dunia, ofisi yake ikaweka ule mchoro mtandaoni, na Japani nzima ikaanza kumchora Amabie, wachoraji wakubwa, watoi, waoka keki, mpaka Wizara ya Afya ikamweka kwa bango la kuambia vijana wasisambaze virusi.

Si kila mzuka ni wa kukunyima usingizi. Midorikawa Yuki, kabla aanze Natsume Yujincho 2003, alitoa yomikiri 2002 kwa gazeti la LaLa DX, Hotarubi no Mori e. Kuna katoi, Hotaru, miaka sita, amepotea kwa msitu wenye watu husema ni wa mungu wa mlima. Anatokea chali amevaa maski ya mbweha, Gin. Katoi kanakimbia kumkumbatia juu kamefurahi kuona mtu, na Gin anakachapa kichwani na kijiti. Sheria ni moja: binadamu akimgusa, anapotea, basi. Kwa hivyo wanatoka msituni wameshika kijiti, huyu mwisho huu, yule mwisho ule. Hotaru anarudi kila likizo ya joto. Anafika primari, anafika sekondari, anaanza kumfikia Gin kwa ukubwa, na hawajawahi peana hata gota. Kuna usiku wanaenda sherehe ya mizuka wamejifunga kitambaa kwa mikono ndio wasipoteane, na hapo nafunga mdomo. Waliifanya muvi 2011, dakika kama 45 hivi. Ingekuwa series, sheria ingepata njia ya kuzunguka kufikia volyumu ya nne, kuna mganga angetokea na dawa. Hapa hakuna nafasi ya mganga.

Mushishi ndio imenipea shida ya kuiweka, juu inaitwa series, volyumu 10, Urushibara Yuki, 1999 mpaka 2008. Lakini kila chapta ni kijiji kingine na watu wengine. Kuna mtu tu mmoja anapita katikati, Ginko, nywele nyeupe, jicho moja la kijani, sigara haitokangi mdomoni juu moshi ndio inafukuza mushi, vile viumbe vya chini kabisa si wanyama si mimea. Na sababu hakaingi mahali iko ndani ya stori: mushi wanamfuata, akikaa wiki mingi wanajaa hapo na kijiji kinaharibika. Lazima aishie. Sijaona mwandishi mwingine amefanya umbo la kitabu chake kuwa laana ya staa wake.

Ya kusoma iko. Manga Plus ya wenye gazeti la Jump iko bure tangu 2019, na yomikiri mpya hutupwa hapo mara kwa mara. Vitabu vingi vya Ito kwa Kiingereza ni vya Viz. Anza na Shiver, iko na ile ya mabaluni za vichwa vya watu zinaelea angani, kila moja inatafuta mwenye sura yake, na ile ya chali ndoto zake zinarefuka kila usiku mpaka anaota karne nzima. Mizuki yuko kwa Drawn & Quarterly wa Kanada. Karatasi ni ganji ya maana hapa kwetu, kwa hivyo changeni na mbogi mzungushe kitabu kimoja.

Na Dandadan? Najua iko kwa midomo. Ni series, ndefu, mizuka imejaa, inapigana kila wiki, na naipenda, kwa hivyo niko na deni ya kujibu. Tatsu Yukinobu alianza kuitoa 2021 na anime ikafika Oktoba 2024. Watu walikuwa wanacheka na Turbo Granny, yule nyanya wa mbio mwenye sai anaishi ndani ya mwanasesere wa paka wa bahati. Halafu ikafika episodi ya saba, ile ya Acrobatic Silky, jitu la nywele ndefu wamekuwa wakipigana nalo. Kabla aishie tunaonyeshwa maisha yake: mathe analea mtoi peke yake, wera juu ya wera, densi usiku juu mtoi anapenda kumuona akidensi, halafu wenye deni wanafika mlangoni. Maneno ni kidogo sana. Dakika chache, mwanzo na mwisho, kila kitu. Hio ni yomikiri imefichwa katikati ya series, na hakuna hata msee mmoja kwa grupu yetu aliuliza pawa zake zilikuwa ngapi.